Nyumba Imeuzwa, Bado Tunadaiwa

Hapa Kigoma nimekutana na watu wengi wanaoamini kwamba benki ikishauza nyumba, hesabu zimefungwa. Umeshindwa kulipa, wamechukua dhamana yao, hamdaiani tena. Mume wangu naye aliamini hivyo. Mnada wa nyumba yetu ya Gungu ulipokwisha alisema angalau sasa atalala, maana deni limeondoka na nyumba. Miezi kadhaa baadaye ikaja barua ya shilingi 14,600,000, imeandikwa majina matatu: la kwake, la kwangu, na la kaka yake anayeishi Ujiji.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, si mwanasheria. Ninayoyaeleza nimeyajua kwa kusoma karatasi zetu wenyewe, kwa msaada wa msaidizi wa kisheria mmoja wa Mwanga aliyetusaidia bila malipo, na baadaye kwa wakili tuliyemlipa. Mengine nilijifunza kwa kukaa kwenye kiti cha ofisi ya benki na kukataa kunyanyuka hadi nijibiwe.

Mkopo ulichukuliwa mwaka 2022. Mume wangu ananunua na kuuza dagaa pale mwalo wa Kibirizi, na alitaka kuwa na vyombo vyake: mitumbwi, nyavu, injini na taa za sola. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo ni biashara ya giza. Mbalamwezi ikiwaka wavuvi wanapumzika, wanashona nyavu, na fedha inalala pamoja nao. Giza likirudi, fedha inakuja kwa mkupuo. Benki haijui mbalamwezi. Yenyewe inataka marejesho tarehe ileile kila mwezi, na afisa mikopo tuliyekuwa naye, kijana aliyetoka mbali na ziwa, nadhani hakuwahi kuelewa kwa nini mteja wake analipa vizuri wiki mbili kisha anaanza kukwepa simu.

Mwaka 2024 Serikali ilifunga shughuli za uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana. Sina ugomvi na hatua hiyo, kila mtu mwaloni alikuwa anaona jinsi dagaa walivyopungua. Ila siwezi pia kulisingizia ziwa kila kitu, kwa sababu marejesho yalikuwa yameshaanza kuyumba kabla. Miezi ile mitatu ilimalizia tu.

Notisi ikaja. Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, inamtaka mkopeshaji ampe mkopaji aliyeshindwa kulipa notisi ya maandishi, inayoeleza kosa ni nini na kiasi gani kinatakiwa, na siku 60 za kurekebisha kabla ya kuuza. Tuliipokea, tukasaini. Siku zile 60 tulizitumia kutafuta mnunuzi wenyewe, na kama kuna jambo ambalo ningependa watu wajue mapema, ni hili: nyumba inayouzwa na mwenyewe kwa makubaliano na benki hupata bei nzuri kuliko inayouzwa kwa nyundo ya dalali. Tulipata mtu wa Kasulu aliyefika bei ya kuridhisha, lakini fedha yake ilikuwa ya mafungu na benki haikukubali kusubiri. Baada ya hapo tukasikia gari la matangazo likipita mtaani kwetu, saa ambayo watoto wanatoka shule, likitaja jina la mume wangu na mahali nyumba ilipo. Sheria ya madalali inataka tangazo la siku zisizopungua 14 kabla ya ardhi kuuzwa kwa mnada, na inataka litolewe si kwa karatasi tu bali kwa mbiu ya ngoma au njia nyingine ambayo hata asiyejua kusoma ataielewa. Basi walitufanyia kwa mujibu wa sheria. Wanafunzi wangu wa darasa la nne waliielewa vizuri sana.

Nyumba ilikwenda kwa shilingi 28,500,000.

Lazima sasa nieleze habari ya karatasi mbili, maana kila kilichofuata kilitoka hapo. Siku ya kusaini mkopo, afisa aliniwekea mbele karatasi mbili na kalamu. Ya kwanza ilikuwa ridhaa ya mwenza. Nyumba ya familia haiwekwi rehani na mume peke yake, wala na mke peke yake. Sheria inataka mwenza aridhie, na inamtaka mkopeshaji achukue hatua za kutosha kujua kama mwombaji ana mwenza. Hiyo niliisoma, nikaisaini. Ya pili ilikuwa na kichwa cha habari "Dhamana Binafsi". Nikauliza hii ni ya nini. Afisa akasema ni utaratibu tu, Mwalimu, zote zinakwenda pamoja. Nikasoma. Ilisema nitalipa deni lote la mkopaji iwapo yeye atashindwa, pamoja na riba na gharama, mara tu benki itakapodai.

Sikuisaini. Nilisema nyumba nimeridhia, mshahara wangu sijauweka rehani. Mume wangu alinuna, na njiani hatukusemeshana. Jambo hilo liliwekwa kiporo kwa siku chache, kisha kaka yake akaenda kusaini mahali pangu. Shemeji ni mtu wa kusema ndiyo. Aliambiwa mdogo wako anahitaji sahihi, akaenda. Hakupata hata shilingi ya mkopo ule, na nyumba ya Gungu hakuwa na tofali ndani yake.

Kwa hiyo barua ilipokuja na majina matatu, tulikuwa watu watatu wenye hali tatu tofauti, ingawa barua ilituandikia kana kwamba wote ni wakopaji.

Mume wangu alikuwa mkopaji. Yeye alifunga mikataba miwili kwa wakati mmoja bila kuona kwamba ni miwili: mmoja unasema nitalipa, mwingine unasema nisipolipa uzeni nyumba. Mnada ulimaliza ule wa pili. Ule wa kwanza ulibaki hai. Sheria ya Ardhi inamruhusu mkopeshaji kumshtaki mkopaji kudai fedha yake pale mkopaji alipojifunga binafsi kulipa, na mikataba ya benki karibu yote ina kifungu hicho. Msaidizi wa kisheria alituonyesha chetu, kipo ukurasa wa tatu, mistari minne.

Mimi nilikuwa mwenza aliyeridhia. Ridhaa ile ilimaanisha kwamba siwezi kuja baadaye mahakamani kulia kuwa nyumba iliwekwa rehani kwa siri. Haikunigeuza mkopaji wala mdhamini. Wakili aliniandikia barua fupi kwenda benki, akiomba watoe karatasi yoyote yenye sahihi yangu inayoahidi kulipa. Haikutolewa, kwa sababu haipo, na barua zilizofuata hazikuwa tena na jina langu. Najua wanawake wa hapa ambao walisaini zote mbili bila kusoma na sasa makato ya mishahara yao yanajadiliwa. Sheria haikuwaonea. Karatasi ile inasema ilichosema.

Shemeji ndiye aliyekuwa pabaya. Kwa Sheria ya Mikataba, mzigo wa mdhamini ni sawa na wa mkopaji isipokuwa mkataba useme vinginevyo. Benki haikulazimika kumaliza kwanza na mume wangu ndipo imfuate yeye. Angeweza kufuatwa moja kwa moja, na alikuwa na kitu cha kufuatwa: injini mbili za boti na kiwanja.

Nikiri kwamba wiki ile barua ilipofika, ukoo uligawanyika, na lawama zilielekea kwangu. Mawifi walisema Mwalimu alijua, ndiyo maana alikataa, akamsukuma shemeji shimoni. Sikuwajibu. Ningewajibu nini? Nilijua, ndiyo. Kusoma karatasi kabla ya kusaini ndiyo kazi niliyofundishwa.

Ushauri nao ulimiminika. Kijana wetu mmoja wa ukoo anaishi California, akapiga simu na kusema tusilipe hata senti, kwao ukishawapa benki funguo mambo yameisha. Hakuwa anadanganya. California ina sheria, zilizoanza miaka ya 1930 wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, zinazomzuia mkopeshaji kudai kilichobaki kama mkopo ulikuwa wa kununulia nyumba ambayo mkopaji anaishi, au kama mkopeshaji aliiuza nyumba bila kupitia mahakamani. Lakini ndani ya Marekani hiyohiyo, ukienda Florida, mkopeshaji anaruhusiwa kuomba hukumu ya salio. Na mkopo wetu haukuwa hata wa kununulia nyumba, ulikuwa wa nyavu. Nilimshukuru kijana, nikamwambia Gungu iko Tanzania.

Wengine walituambia tutafungwa wiki ijayo, au watakuja kubeba vitanda. Hilo nalo tulilifuatilia. Benki yenye barua tu haiwezi kubeba kitu chochote. Inapaswa kwanza kufungua kesi na kupata hukumu. Hata ikiwa na hukumu, Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai inaweka kando nguo, vyombo vya kupikia na vitanda, visikamatwe. Kifungo cha madai kipo kweli, ila kinaombwa mahakamani baada ya hukumu, na ukitoka gerezani deni linakusubiri nje palepale. Nilipomweleza mama mkwe habari ya vitanda aliacha kuficha godoro lake kwa jirani.

Baada ya kujua nani anadaiwa, tuligeukia swali ambalo watu wachache huuliza: kiasi chenyewe ni sahihi? Barua ilitaja jumla tu. Tuliandika kuomba mchanganuo, na tukaandika tena, maana mara ya kwanza tulijibiwa kwa jumla ileile iliyopigwa chapa kubwa zaidi. Mchanganuo ulipokuja ulisema hivi. Siku ya mnada deni lilikuwa shilingi 38,400,000. Gharama za kuuza, yaani dalali, matangazo, mthamini na wakili wa benki, zilikuwa 3,100,000. Jumla 41,500,000. Ukitoa 28,500,000 za mauzo, inabaki 13,000,000. Iliyobaki kufikia 14,600,000, yaani 1,600,000, ilikuwa riba na adhabu baada ya mnada.

Sheria inapanga fedha ya mauzo igawiwe kwa utaratibu: kwanza kodi na tozo zinazodaiwa kwenye ardhi, kisha rehani iliyotangulia kama ipo, kisha gharama halali za kuuza, kisha deni lenyewe. Kingezidi kitu kingerudi kwa mwenye nyumba. Neno la kushika hapo ni halali. Tukaomba stakabadhi za zile milioni tatu na laki moja. Stakabadhi za matangazo zilikuwepo. Za wakili hazikuwepo kwa kiasi chote.

Bei yenyewe ilikuwa na utata zaidi. Anayeuza nyumba ya rehani hana ruhusa ya kuitupa kwa bei yoyote ili mradi aondoke na chake. Sheria inampa wajibu wa kutafuta bei nzuri inayoweza kupatikana wakati ule. Na inaongeza kipimo: nyumba ikiuzwa kwa bei iliyo chini kwa asilimia 25 au zaidi ya bei ya wastani ya nyumba za aina ile kwenye soko, inachukuliwa kwamba wajibu huo umevunjwa, hadi muuzaji athibitishe vinginevyo. Mthamini wa benki mwenyewe, kabla ya mnada, alikuwa ameandika thamani ya soko milioni 40. Robo ya 40 ni 10. Mpaka wetu ulikuwa milioni 30, na nyumba ilikwenda kwa 28 na nusu. Nilipiga hesabu hiyo mara tatu kwenye daftari la maandalio ya somo.

Watu wakisikia hapa hudhani tulirudishiwa nyumba. Hapana. Mnunuzi aliyenunua mnadani kwa nia njema analindwa na sheria, na aliyenunua kwetu hatukuwa na la kumlaumu. Ni baba mwenye watoto wanne, mmoja nimemfundisha. Dai letu lilibaki kati yetu na benki, na lilikuwa dai la fedha: kwamba kama mngeuza kwa bei inayofaa, salio lingekuwa dogo. Wakili alituambia wazi kwamba ripoti moja ya mthamini haitoshi kuwa "bei ya wastani ya soko", benki italeta nyumba zake za kulinganisha, na kesi inaweza kuchukua miaka huku riba ikibishaniwa. Alishauri tuipeleke mezani kabla ya kuipeleka mahakamani.

Mezani ndipo shemeji alipogundua kwamba ana nguvu. Benki ilikuwa tayari kufuta ile riba ya baada ya mnada, kupunguza sehemu ya gharama na salio, na kumpa mume wangu muda mpya wa kulipa. Ila mwanasheria wao alisisitiza mdhamini naye asaini makubaliano mapya. Mume wangu hakuona sababu. Wakili wetu aliiona mara moja: ukibadilisha masharti ya deni au ukampa mkopaji muda mpya kwa mkataba bila mdhamini kukubali, mdhamini anaweza kuwa ameponyoka. Benki ilimhitaji shemeji kuliko shemeji alivyoihitaji benki.

Shemeji, mtu wa kusema ndiyo, siku hiyo alisema hapana. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema atasaini kwa sharti kwamba udhamini wake uwe na ukomo wa shilingi milioni tatu, uandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, na kwamba malipo ya mwisho yakishaingia apewe barua ya kufunguliwa kwenye udhamini. Walitoka nje kushauriana. Walirudi wakakubali. Nilitamani mawifi wangekuwepo wamwone.

Makubaliano yalifikia shilingi 9,000,000, malipo ya 250,000 kila mwezi kwa miezi 36. Walijaribu pia kunipenyeza. Rasimu ya kwanza ilikuwa na nafasi ya sahihi yangu chini, imeandikwa "Mwenza". Niliuliza kwa nini, nyumba haipo tena, naridhia nini? Afisa akasema ni utaratibu. Nafasi ile ikafutwa.

Na bado, fedha ya kila mwezi sehemu yake inatoka kwangu. Hili mume wangu hakulitarajia na shemeji halielewi hadi leo. Mimi nimepanga nyumba pamoja na huyu mtu Katubuka, nakula naye, biashara yake ikisimama na mimi nimesimama. Mwezi wa mbalamwezi ndefu natoa laki moja, mwezi wa giza zuri sitoi. Lakini inatoka kama msaada wa mke, mkononi mwake, yeye ndiye anayeilipa benki na stakabadhi inasoma jina lake. Siku nikiugua au nikihamishwa, hakuna mtu anayeweza kunifuata shuleni na karatasi.

Stakabadhi zote naziweka mimi. Kila robo mwaka mume wangu anaomba taarifa ya akaunti ya deni na tunalinganisha, kwa sababu mara moja malipo ya mwezi mzima hayakuonekana na ilibidi tupeleke nakala. Taarifa za mkopo ulioshindwa kulipwa pia zimekwenda kwenye kanzidata ya wakopaji inayosimamiwa chini ya Benki Kuu, kwa hiyo kwa sasa hakopesheki popote penye kibao. Deni likiisha tutaomba taarifa zisahihishwe kuonyesha limelipwa. Wakili ameshatuandalia barua hiyo, haina tarehe tu.

Shemeji ameuza injini moja. Anasema aliiuza kwa sababu nyingine. Mwezi uliopita binamu yake alimletea karatasi ya udhamini wa mkopo wa bodaboda, naye akaipandisha hadi Katubuka, akaiweka mezani kwangu na kusema, "Mwalimu, nisomee." Ilikuwa haina ukomo wa kiasi. Nilimwonyesha mahali pa kuuandika, na binamu bado hajarudi kuichukua.